Kubadili Umbo la Hifadhidata Bila Kuisimamisha

Hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, huwa na umbo lililokwisha pangwa: majedwali yapi yamo, kila jedwali lina safu zipi, na ni faharasa zipi zisaidiazo kutafuta. Ghala likiwa katika mashine moja, kulibadili umbo si kazi ya kutisha. Hufungwa kwa muda, likarekebishwa, likafunguliwa. Lakini ghala ambalo nakala zake zimetawanywa mahali mbalimbali, na kuhudumiwa na mamia ya kompyuta usiku na mchana, halifungiki kirahisi hivyo. Wala kompyuta hizo haziwezi kuamrishwa zibadilike zote kwa nukta ile ile, kwani amri huwahi kwingine na kuchelewa kwingine.

Hapo ndipo penye hatari. Chukua mfano wa faharasa mpya ya majina ya wateja. Kompyuta iliyokwisha pata umbo jipya yamwandika mteja katika jedwali, na jina lake katika faharasa. Punde kompyuta nyingine, isiyojua kwamba kuna faharasa, yamfuta mteja huyo katika jedwali peke yake. Jina labaki likielekeza mahali patupu, mithili ya kadi ya maktaba inayotaja kitabu kilichokwisha ondolewa rafuni. Atakayeuliza baadaye atapewa jawabu la uongo, na hakuna kengele itakayolia.

Mwaka 2013 wahandisi wa Google walieleza namna walivyolitatua jambo hili katika hifadhidata yao ya F1, iliyohudumia biashara ya matangazo ya kampuni hiyo. Walihakikisha kwamba wakati wowote hayatumiki maumbo zaidi ya mawili yanayofuatana. Kompyuta hupewa umbo kwa muda maalumu, na ishindwapo kupata idhini mpya hujizima. Kisha wakayagawa mabadiliko kwa hatua. Katika hatua ya kwanza, yaliyomo katika faharasa yaweza kufutwa tu. Katika ya pili yaweza pia kuandikwa, lakini hayasomwi. Kompyuta zote zikishafika hapo, kumbukumbu za zamani hujazwa katika faharasa, ndipo kusoma kuruhusiwe.

Hatua ya kwanza yaonekana kama upuuzi, maana faharasa ambayo haijaandikwa ina nini cha kufutwa? Thamani yake hudhihirika pale kompyuta zilizotangulia zinapoingia hatua ya pili na kuanza kuandika: zile zilizo nyuma tayari zajua kufuta, wala hapana tena hata moja inayotumia umbo la zamani.