Njia tatu za kufikia mshipa ulio chini ya ubongo



Mtu yu kazini, mzima, mara anashikwa na maumivu ya kichwa yasiyo na mfano. Anatapika, shingo inakaza. Wengine husema karogwa, wengine malaria. Huenda ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Ukuta wa ateri hudhoofika mahali, ukavimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Presha na sigara huzidisha hatari hiyo, na sisi watu wa tumbaku twapaswa kulijua hilo kabla ya wengine.

Mbaya zaidi ni uvimbe wa ateri ya basila. Iko katikati kabisa, kati ya shina la ubongo na mfupa wa sakafu ya fuvu. Daktari apitie wapi?

Charles Drake, wa mji wa London ulioko Kanada, alipitia juu ya sikio, akiuinua ubongo taratibu. Hivyo aliviona vijimshipa vya nyuma vinavyolisha shina la ubongo. Kikizibwa kimoja, mgonjwa huweza asiamke tena. Lakini ubongo ulioinuliwa huweza kuumia, na neva ya jicho ikiguswa, kope huanguka. Gazi Yaşargil, wa Zurich, Uswisi, alipitia panjani kwa hadubini, akifuata mfereji wa asili wa ubongo. Ubongo hausukumwi sana, ila njia ni nyembamba na vijimshipa vile hujificha. Wote wawili waliibana shingo ya uvimbe kwa kibanio cha chuma.

Njia ya tatu haifungui fuvu. Mwaka 1990, Marekani, Guido Guglielmi alianza kupitisha mrija kutoka kinenani hadi kichwani na kuujaza uvimbe waya laini wa platini. Utafiti wa wagonjwa 2,143, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa kama 24 katika 100 kwa waya, na 31 kwa kibanio. Wachache mno kati yao walikuwa na uvimbe wa basila, basi tusizidishe. Hata hivyo kwa basila leo madaktari wengi huanza na waya. Waya nao hutaka mashine ghali, na pengine kazi hurudiwa.

Kutoka Arua hadi Mulago ni karibu kilomita 500, na mshipa uliopasuka huweza kupasuka tena siku ile ile. Mgonjwa asipewe aspirini. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Arua mara moja, hata usiku. Na katika mapatano na mwajiri tudai iandikwe: gari litolewe saa yoyote, na msindikizaji asikatwe mshahara.