Skori ya moyo na skori ya uwanja: kwa nini utabiri wa shabiki unaanguka mara nyingi

Derby ya Lubumbashi ikikaribia, Kasulo haina mtu asiye na skori yake. Kwenye kituo cha taxi-moto, kwenye foleni ya maji, mbele ya madepo ya kununulia mawe, maneno ni yale yale. Mmoja anasema: « Mazembe itapiga deux-zéro, mambo kwisha. » Mwenye jezi ya njano na buluu anajibu: « Zamu hii ni ya Lupopo, mutaona! » Kila mmoja ana uhakika. Siku ya mechi mmoja wao atakosea, na mara nyingi watakosea wote wawili, kwa sababu hakuna aliyesema sare.

Zamani utabiri kama huu ulimalizika kwa kicheko, au kwa kununuliana chupa moja. Leo karibu na mabishano hayo kuna kibanda cha parifoot, na skori ya mdomoni inageuka tiketi ya makuta. Kwa mtu anayelipwa leo kwa kile alichotoa chini ya udongo leo, tiketi hiyo inaweza kuwa unga wa jioni. Ndiyo maana ni vizuri kuelewa utabiri unatengenezwa namna gani, na unavunjika wapi.

Moyo ndio unaotabiri kwanza

TP Mazembe na FC Saint-Éloi Lupopo zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Mazembe ilianzishwa na wamisionari Wabenedikto, ikavaa nyeusi na nyeupe. Lupopo ni timu ya watu wa reli, ndiyo maana mpaka leo wasapota wake wanaitwa Cheminots. Katika familia nyingi za Lualaba na Haut-Katanga mtoto anarithi timu kama anavyorithi jina. Ukimuuliza mtu kama huyo nani atashinda, hakujibu nani atashinda. Anakujibu anampenda nani.

Hiyo si dhambi. Bila moyo, mpira hauna ladha. Shida inaanza pale mtu anapochukua anachotamani akakiita anachojua. Wachimbaji wa Kasulo wanafahamu tofauti hiyo kuliko wengi. Tangu cobalt ilipoonekana chini ya nyumba za mtaa huu mwaka 2014, wengi wameweka makuta na nguvu kwenye shimo kabla ya kujua kama mshipa upo. Lakini mbele ya depo hakuna anayelipwa kwa imani yake: jiwe linapimwa kwa Metorex, na namba inayotoka ndiyo inayofanya bei. Mpira hauna Metorex. Kinachobaki ni kuangalia mechi zilizopita na kuhesabu bila upendeleo.

Sare, matokeo yanayosahauliwa

Kosa la kwanza la shabiki ni kufikiri kwamba mechi ina matokeo mawili. Ina matatu. Angalia Léopards katika CAN 2023, iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Congo ilimaliza ya nne, na nchi nzima ilifurahi. Lakini hesabu mechi zenyewe: 1-1 na Zambia, 1-1 na Maroko, 0-0 na Tanzania, 1-1 na Misri, ushindi wa 3-1 dhidi ya Guinea, kushindwa 1-0 na wenyeji, kisha 0-0 na Afrika Kusini. Mechi saba, sare tano.

Shabiki aliyesema « Congo itashinda » kabla ya kila mechi alipata mara moja tu kati ya saba. Yule aliyesema « sare » kila siku, bila hata kuangalia, angepata mara tano.

Hapa kuna jambo linaloumiza wengi kwenye vibanda. Congo iliitoa Misri kwa penalti 8 kwa 7, na kipa Lionel Mpasi ndiye aliyefunga ya mwisho. Watu walicheza barabarani. Lakini kwa kawaida tiketi ya mshindi wa mechi inahesabu dakika 90 pamoja na zile za majeruhi, haihesabu muda wa nyongeza wala penalti. Dakika 90 zilikwisha 1-1. Kwa tiketi ya namna hiyo, « Congo itashinda » ilikuwa imeanguka, hata kama Congo ndiyo iliyopita. Kabla ya kutoa makuta, mtu aulize: munahesabu mpaka wapi?

Nyumbani si sawa na ugenini

Kitu cha pili ni uwanja. Mazembe imecheza fainali tatu za Ligi ya Mabingwa ya Afrika karne hii, mwaka 2009, 2010 na 2015, na zote ilishinda. Lubumbashi ilipiga Heartland ya Nigeria 1-0, Espérance ya Tunisia 5-0, na USM Alger ya Algeria 2-0. Hayo ni mabao manane, bila kufungwa hata moja. Ugenini hadithi ni nyingine: ilishindwa 2-1 Nigeria, ikatoka 1-1 Tunisia, ikashinda 2-1 Algeria. Wachezaji ni wale wale, timu ni ile ile. Kilichobadilika ni safari, usingizi, hewa, kelele za watu.

Lakini hata nyumbani hakuna hati ya uhakika. Katika fainali ya kombe la mwaka 1970, iliyochezwa Januari 1971, timu hiyo, wakati huo ikiitwa Englebert, ilirudi kutoka Kumasi na sare ya 1-1 dhidi ya Asante Kotoko. Mechi ya pili ilikuwa Kinshasa. Wengi waliona kombe limekwisha kuingia. Kotoko ikashinda 2-1 na kuondoka nalo.

Derby ina ugumu wake hapo: timu zote mbili ni za Lubumbashi. Hakuna anayelala njiani, na faida ya nyumbani inapungua. Mtu anayetabiri derby kama anavyotabiri mechi ya mgeni aliyetoka mbali, tayari amepotea hatua ya kwanza.

Mechi ya mwisho inadanganya

Kosa la tatu ni kutabiri kwa kuangalia kitu kimoja tu: kilichotokea juzi. Tarehe 9 Septemba 2025, kwenye Stade des Martyrs, Léopards waliongoza Senegal 2-0. Kuna walioanza kusherehekea. Senegal ikarudi na kushinda 3-2. Usiku huo wengi walisema safari ya Kombe la Dunia imekwisha. Miezi miwili baadaye, nchini Maroko, Congo ileile iliitoa Cameroun 1-0 kwa bao la Chancel Mbemba katika dakika za mwisho, kisha ikaitoa Nigeria kwa penalti baada ya 1-1. Waliotabiri kwa furaha walikosea Septemba, na waliotabiri kwa hasira wakakosea Novemba.

Kuna pia siku ambazo hesabu nzuri kabisa inashindwa. Desemba 2010, Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu bila Trésor Mputu, nyota wake, aliyekuwa amefungiwa na FIFA. Mbele yake kulikuwa na Internacional, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Mtu mwenye akili zake alisema Wabrazili. Kabangu na Kaluyituka wakafunga, 2-0, Kidiaba akaruka kwa makalio uwanjani, na kwa mara ya kwanza klabu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini ikaingia fainali. Inter ya Milano ilikuja kuishinda 3-0, lakini hiyo haifuti kilichotokea. Kutabiri vizuri hakumaanishi kupata kila mara. Kunamaanisha kujua mapema kwamba unaweza kukosa.

« Cote » inasema nini

Kwenye karatasi ya parifoot kila matokeo yana namba yake, ile inayoitwa « cote ». Chukua mfano: Mazembe kushinda 1,40, sare 4,20, mwingine kushinda 7,00. Ukiweka franka 1.000 kwa Mazembe na ikashinda, unarudishiwa 1.400, yaani faida ni 400.

Namba hizo zina siri ndogo. Gawanya 1 kwa kila cote: 1,40 inatoa karibu asilimia 71, 4,20 inatoa 24, 7,00 inatoa 14. Jumlisha: ni zaidi ya 109. Lakini bahati zote za mechi moja haziwezi kuzidi 100. Ile tisa ya juu ni sehemu ya mwenye kibanda. Hahitaji kujua nani atashinda. Anahitaji tu watu waendelee kuweka.

Na timu inayopendwa na wengi, cote yake inashuka, kwa sababu makuta mengi yanakwenda upande huo. Maana yake shabiki anayeweka kwa timu ya moyo wake mara nyingi anauziwa ghali.

Tiketi ndefu

Vijana wengi hawapendi mechi moja. Wanapanga kumi kwenye tiketi moja, kwa sababu franka 1.000 zinaonyesha karibu 29.000. Hesabu ya ndani ni hii: kama kila mechi ina cote 1,40, bahati yake ya kweli, ukiondoa sehemu ya kibanda, ni karibu 65 kwa 100. Mechi kumi zote kuingia pamoja ni mara moja hivi kati ya 72. Unalipwa mara 29 kwa kitu kinachotokea mara moja kati ya 72. Ile asilimia ndogo ya mechi moja, ikizidishwa mara kumi, imekula zaidi ya nusu ya makuta yako.

Kwa hesabu hiyohiyo, tiketi kukosa kwa mechi moja tu kunatokea mara tano zaidi kuliko tiketi kushinda. Ndiyo maana kila Jumatatu kuna mtu anayesema: « Ilibakia paka mechi moja! » Anafikiri alikaribia, na kesho anarudi. Ukweli ni kwamba tiketi ndefu inaanguka hivyo siku nyingi. Si alama kwamba bahati iko njiani.

Kutabiri bila kuchoma nyumba

Njia ya kujipima haihitaji makuta. Chukua daftari. Kabla ya kila mechi andika skori, sababu zake tatu, na nani hayupo uwanjani. Usibadilishe kitu baada ya filimbi. Baada ya mechi 20, hesabu umepata ngapi, na linganisha na mtu aliyesema tu « timu ya nyumbani » kila mara. Wengi watashangaa.

Na mwenye kucheza kwa makuta aweke mpaka kabla ya kufika kibandani, si akiwa ndani: kiasi ambacho kikipotea, chakula, kodi ya nyumba na ada ya shule haviguswi. Mtoto asitumwe kuweka tiketi. Anayekopa ili arudishe alichopoteza, au anayeficha tiketi kwa bibi yake, huyo hayuko tena kwenye utabiri wa mpira. Huyo aongee mapema na mkubwa wa familia au rafiki anayemwamini, kabla deni halijafika mlangoni.