Ada ya mtoto iko kwenye vipande, uuze lini?

Mapigo ya moyo 130 kwa dakika hayamtishi muuguzi akiyapima kwa mtoto mchanga. Akiyakuta kwa baba yake aliyetulia kwenye benchi, ataita daktari. Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa na hilo nalijua vizuri, lakini kwenye akiba ya ada ya mtoto wetu nililisahau kabisa.

Mimi na mwenzangu tunaweka akiba kwenye mifuko ya pamoja ya uwekezaji, ile ambayo unanunua vipande na bei yake hupanda au kushuka. Kwa wazazi wa Tanzania si jambo geni. Mfuko wa Umoja wa UTT ulianza mwaka 2005 na ule wa Watoto ukafuata mwaka 2008. Sisi tuna mifuko ya aina tatu: wa hisa, wa mchanganyiko wa hisa na hatifungani, na wa ukwasi, ambao ndio kibubu chetu.

Tulijiwekea sheria moja. Bei ya kipande ikipanda asilimia 3 tangu mara ya mwisho tulipougusa mfuko, tunauza kidogo na kupeleka kwenye ukwasi. Ikishuka asilimia 3, tunatoa kwenye ukwasi na kununua.

Kwenye mchanganyiko mambo yalikwenda sawa. Kwenye hisa tulijikuta tunauza na kununua karibu kila mwezi. Kila tulipotoa kulikuwa na makato, na fedha zilichukua siku kadhaa kufika. Shule zilipofunguliwa Januari, sehemu ya ada ilikuwa bado njiani. Nikamkopa dada yangu, tena kwa aibu.

Pima kuyumba kwanza

Siku hizi tunaanza na daftari. Kila mwisho wa mwezi naandika bei imebadilika kwa asilimia ngapi, bila kujali imepanda au imeshuka. Tuseme miezi sita ya mfuko wa hisa ni 5, 3, 4, 6, 2 na 4. Jumla ni 24, wastani ni 4. Mchanganyiko ni 1, 2, 1, 3, 1 na 1, wastani 1.5. Wastani huo tunauzidisha mara mbili: hisa tunazigusa zikifika asilimia 8, mchanganyiko asilimia 3.

Kwa nini mara mbili? Hakuna siri. Unataka mstari usiovukwa na kuyumba kwa kawaida. Mwenye makato makubwa anaweza kuuweka mbali zaidi.

Hesabu hii tunairudia kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa soko nalo hupata homa. Machi 2020, corona ilipoingia, hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani zilishuka zaidi ya asilimia 9 tarehe 12, zikapanda zaidi ya 9 kesho yake, kisha zikaanguka karibu 12 tarehe 16. Mwenye mstari wa asilimia 5 angenunua, angeuza na kununua tena ndani ya siku tatu za soko.

Pasipoguswa

Mstari mpana haukukingi na hasara. Hisa zinaweza kushuka asilimia 8, ukanunua, zikashuka 8 nyingine. Mzazi anayenunua kila zinaposhuka anaweza kumaliza kibubu chote. Kwa hiyo ada ya miezi 12 ijayo inakaa kwenye ukwasi na haiingii kwenye hesabu hii hata bei ivutie vipi. Na tukinunua, hatuzidishi sehemu moja ya kumi ya kile kinachobaki.

Mwezi uliopita hisa zilishuka asilimia 6. Mwenzangu akauliza kama tununue. Nikafungua daftari, nikamwambia bado mbili.