Pikapu ya Zamani na Vipuri vya Kuishusha

Chevrolet C10 za mwaka 1967 hadi 1972 ni miongoni mwa pikapu za zamani zinazotamaniwa mno Marekani, na ni chache katika rika lake zilizojaaliwa vipuri vya kushushia kwa wingi kama huo. Pikapu hizi ziliundwa kubeba nusu tani, na kwa sababu hiyo zikiwa tupu husimama zimeinua nyuma, kwani springi zao zaingoja shehena ambayo wenyewe wa leo, wanaozifuta vumbi na kuzipeleka maonyeshoni, hawana azma ya kuipakia. Hapo ndipo huzaliwa hamu ya kuziteremsha: kwa ajili ya haiba, bila shaka, lakini pia kwa ajili ya utulivu, maadamu gari ambalo uzito wake umeikaribia ardhi haliinami sana kwenye kona.

Mnunuzi asiyezoea aghalabu huuliza swali moja tu, gari litashuka inchi ngapi; ilhali swali lenye uzito zaidi ni kwamba, likiisha kushuka, gurudumu litakuwa na nafasi gani ya kupanda likikutana na shimo. Asiyelijibu swali hilo dukani atalijibu barabarani, kwa mgongo wake mwenyewe, kila ekseli igongapo fremu.

Mbele, C10 ina springi za mzunguko zilizokaa baina ya makono ya juu na ya chini. Njia iliyo bora, kwa rai yangu, ni spindeli za kushushia: kile chuma kinachoshika gurudumu huundwa upya, mhimili wa gurudumu ukapandishwa juu kwa inchi 2 na nusu, hata gari likashuka kwa kadiri hiyo ilhali springi, makono na bolijointi zimebaki katika mkao wake wa asili. Kwa kuwa spindeli hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa breki za diski, ambazo Chevrolet ilianza kuzifunga mbele ya kila C10 mwaka 1971, mwenye gari la mwaka 1968, mathalan, na ahesabu gharama ya breki mpya, na pengine ya rimu pia, kwani magari ya kabla ya 1971 yalifungwa gurudumu kwa nati 6, na yaliyofuata kwa nati 5. Gharama hiyo si hasara. Breki za ngoma zenye umri huo zilistahili kubadilishwa hata kama gari lingebaki juu.

Springi fupi hushika daraja la pili. Hushusha inchi 1 hadi 3, na iliyotengenezwa vyema huwa ngumu kidogo kuliko ya kiwanda ili kufidia ufupi wa safari yake. Wapo wanaokata springi ya asili kwa msumeno, nayo ina hesabu yake: ikiwa mizunguko inayofanya kazi ni 8, ukiondoa mmoja ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 14. Hilo laweza kuvumilika. Lisilovumilika ni kuipasha springi moto wa gesi hata ikaketi, maana chuma hupoteza nguvu kilizopewa kiwandani, kisha hulegea zaidi siku hadi siku, au hukatika.

Nyuma ndiko kwenye maneno mengi. Ekseli imefungwa kwenye makono mawili marefu yanayotoka katikati ya fremu, mpango mwema kiasi cha magari ya mashindano ya NASCAR kuuchukua na kuutumia kwa miongo mingi. Springi za kushusha inchi 3 hadi 6 hufungwa bila taabu kubwa, na wengi hukoma hapo. Lau wangaliingia chini ya gari wakatazama, wangaliona kwamba shokapu za awali zimebanwa karibu na mwisho wake, na zahitajika fupi. Wangaliona pia ile fito inayozuia ekseli isiende upande, ambayo mwisho wake mmoja uko fremuni na wa pili kwenye ekseli: kwa kuwa ya kiwanda ni fupi, gari likishuka huisukuma ekseli kando, tairi moja ikajificha ndani ya bodi na mwenziwe akachungulia nje. Dawa yake ni fito ndefu inayorekebishika. Tena, atakayevuka inchi 4 hana budi kuikata fremu juu ya ekseli kwa umbo la hilali na kuitia chuma cha kuiimarisha. Na kazi hiyo si ya kujifunzia, apewe fundi anayejua kuchomelea.

Pikapu nyingi za GMC za miaka hiyo, na Chevrolet zilizoanza mwaka 1973, zina springi za bapa nyuma. Hizo hushushwa kwa kubadili vishikizo vya springi, au kwa kuihamisha ekseli kutoka chini ya springi hadi juu yake, ikapatikana inchi 5 au 6 kwa mkupuo mmoja. Mifuko ya hewa inayoshika nafasi ya springi, pamoja na pampu, tangi na nyaya zake, siikatai, ila si ya mtu atakaye pikapu ya kwenda nayo kazini.

Sheria ya zamani ya California, iliyokoma kutumika mwaka 2024, bado yafaa kufuatwa popote: haikuruhusu sehemu yoyote ya gari, ila magurudumu, kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Hikima yake ni dhahiri. Tairi likipasuka, gari hukaa juu ya rimu, wala si juu ya bomba la breki.

Kwa mwendeshaji wa kila siku, basi, nachagua spindeli za inchi 2 na nusu mbele na springi za inchi 4 nyuma, pamoja na shokapu na fito zinazolingana nazo, vyote vya mtengenezaji mmoja. Lakini badilisha kwanza bushi zilizochakaa. Na kazi ikiisha, usisafiri mbali kabla magurudumu hayajapimwa alaimenti.