Mama, Betri ya Rimoti Umeiweka Wapi?

Akina mama wa Chimala tumezoea kumchunga mtoto asikaribie jiko la mkaa wala barabara kuu ya Tunduma. Je, ile betri bapa ya rimoti, ikiisha nguvu unaiweka wapi? Wengi wetu huiacha kabatini, eti itafaa siku moja.

Betri hiyo ya lithiamu, yenye upana wa milimita 20, hukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Haihitaji kuvuja. Umeme wake ukikutana na mate hutengeneza kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, ikaunguza nyama ndani ya saa 2. Hata iliyoisha huunguza. Mtoto hutoka udenda, hukohoa, hukataa chakula. Ukadhani ni mafua.

Usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei, hata usiku. Aliyetimiza mwaka 1 na anayeweza kumeza, mpe njiani asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Usichelewe kwa kuitafuta. Baba akisema msubiri itoke yenyewe chooni, usikubali.

Betri iliyoisha izungushie selotepu pande zote, uiweke juu asikofika mtoto.