Kujua Kuendesha Baiskeli Siyo Kujua Kuifundisha

Hebu nikuulize swali. Unajua kuendesha baiskeli? Kama jibu ni ndiyo, nieleze: ukiwa kwenye mwendo na unataka kukata kona ya kushoto, usukani unaupeleka wapi kwanza?

Wengi watajibu, "Kushoto, si ndiko ninakokwenda!" Kumbe siyo. Kwanza unausukuma kidogo sana kulia. Magurudumu yanatoka chini yako, mwili unalalia kushoto, halafu ndipo unaupeleka usukani kushoto kuufuata ule mlalo. Umefanya hivyo maelfu ya mara na hujawahi kujua kwamba unafanya.

Hapo ndipo penye mada yetu ya leo. Mwili wako unajua kitu ambacho mdomo wako hauwezi kukisema. Sasa ukiambiwa umfundishe mtoto, utamwambia nini?

Kwa nini Nyakisasa?

Chukua kata ya Nyakisasa, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ni nchi ya vilima. Baiskeli huko haipandwi kwa mazoezi ya mwili: inabeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya kahawa, na mara nyingine mgonjwa. Mtoto hanunuliwi baiskeli ya saizi yake. Anajifunzia ile kubwa ya baba, akipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu kwa sababu kwenye kiti hafiki.

Halafu kuna lami. Barabara inayotoka Lusahunga kupitia Nyakahura hadi Rusumo ndiyo njia ya malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Burundi. Mtoto aliyezoea njia ya vumbi ya kijijini, siku akitumwa ng'ambo ya lami, anakutana na semi trela inayoshuka mlima.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Je, tuwakataze watoto baiskeli? Hapana. Nchini Zambia, watafiti waliwafuatilia wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli za kwendea shule, na wakakuta muda wa njiani umepungua sana na utoro na uchelewaji vimeshuka. Kwa mtoto anayetembea kilomita nyingi kwenda darasani, baiskeli ni masomo yake. Kwa hiyo swali ni namna ya kumfundisha, na nani amfundishe.

Onyo kutoka Melbourne

Unaweza kusema, "Fundisha tu, chochote ni bora kuliko kutofundisha." Ngoja kwanza.

Mwaka 1998 watafiti wa Australia, John Carlin na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu somo la baiskeli lililokuwa likitolewa katika shule za Melbourne. Walilinganisha watoto walioumia na wasioumia, wakaangalia nani alipata somo lile. Hawakupata ushahidi kwamba somo liliwakinga. Kwa baadhi ya makundi, kama wavulana na watoto wadogo zaidi, kulikuwa na dalili kwamba waliofundishwa waliumia zaidi.

Inawezekanaje? Maelezo yanayoingia akilini ni haya: mtoto akijifunza kukata kona vizuri na kupita katikati ya chupa zilizopangwa uwanjani, anapata ujasiri. Ujasiri ule anatoka nao barabarani, ambako kuna mambo ambayo uwanja haukumfundisha. Umemwongezea mwendo bila kumwongezea macho.

Ndiyo maana kumwandaa mwalimu ni muhimu kuliko kununua baiskeli kumi za mazoezi. Mwalimu wa baiskeli anapaswa kuelewa mambo manne.

1. Mizani hujengwa na mwili, siyo na maelezo

Kwa miaka mingi tuliambiwa baiskeli haianguki kwa sababu magurudumu yanazunguka kama pia. Mwaka 2011, katika jarida la *Science*, kundi la watafiti wakiwemo Jim Papadopoulos na Andy Ruina lilionyesha baiskeli waliyoitengeneza ili nguvu hiyo ya mzunguko isiwe na kazi. Bado ilijisimamia yenyewe ikisukumwa. Kinachoonekana kwenye baiskeli zinazojisimamia ni kwamba usukani hugeukia upande inakoangukia, na hivyo magurudumu yanarudi chini ya uzito.

Mwanafunzi naye anapaswa kujenga tabia hiyo: unapoangukia, geuzia huko. Haiingii kwa hotuba. Mmarekani Destin Sandlin alitengenezewa baiskeli ambayo usukani wake unafanya kinyume: ukipeleka kushoto, gurudumu linakwenda kulia. Alikuwa anaijua siri yote, lakini ilimchukua miezi 8 kuweza kuiendesha. Mwanawe mdogo alihitaji wiki mbili tu. Kuelewa na kuweza ni vitu viwili tofauti, na mtoto hujifunza haraka kuliko wewe.

Kwa vitendo, mwalimu afanye hivi: ashushe kiti mpaka nyayo za mtoto zikanyage chini, na aondoe pedali. (Ile ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha spana kinyume na ulivyozoea, usije ukaiharibu.) Kisha mtoto asukume kwa miguu kwenye mteremko mdogo wenye nyasi. Baiskeli ya kwanza kabisa, aliyoitengeneza Karl von Drais mwaka 1817, haikuwa na pedali, na watu waliiendesha hivyo hivyo. Mtoto akiweza kuteleza mita kumi miguu ikiwa juu, rudisha pedali.

Kama ipo baiskeli kubwa tu, mtoto asimame kwa mguu mmoja kwenye pedali ya kushoto, asukume kwa mguu wa pili, ateleze. Kile cha kupitisha mguu chini ya bomba usikicheke, lakini usikipeleke barabarani. Mwili umekaa upande mmoja, kugeuka nyuma ni shida, na mikono inahangaika kufikia breki.

Jambo lingine: usimwambie "usitazame gurudumu." Mwambie "tazama ule mgomba." Tafiti za Gabriele Wulf na wenzake kuhusu kujifunza miondoko zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu anayeelekeza akili kwenye kitu cha nje hujifunza vizuri kuliko anayefikiria viungo vyake.

2. Jicho la mtoto siyo jicho lako

Hili ndilo ambalo walimu wengi hawalijui. Mwaka 2011 John Wann na wenzake huko Uingereza walipima uwezo wa watoto wa shule ya msingi kutambua gari linalowajia. Gari likiwa mbali, picha yake machoni inakua polepole sana. Mtu mzima anaugundua ukuaji ule mdogo. Watoto, gari likizidi mwendo wa kilomita kama 32 kwa saa, hawakuweza kuugundua kwa uhakika. Yaani gari linakuja, mtoto anaona limesimama.

Kumbuka kwamba kikomo cha mwendo kwenye makazi ya watu Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Hapo tunazungumzia dereva anayetii sheria.

Kuna la pili. Jodie Plumert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaweka watoto wa miaka 10 na 12 kwenye baiskeli iliyofungwa mbele ya skrini zenye barabara ya kuigiza. Watoto walichagua nafasi kati ya magari zilezile ambazo watu wazima walichagua. Tatizo ni kwamba walichelewa kuondoka, kwa hiyo walifika ng'ambo gari likiwa karibu zaidi.

Kwa hiyo "angalia kushoto na kulia" haitoshi. Mwalimu asimame na watoto kando ya barabara, baiskeli zikiwa zimelazwa pembeni kabisa, awaulize: "Lori lile, hesabuni mpaka litupite." Wahesabu kwa sauti. Warudie mara ishirini. Na kwenye lami sheria iwe moja: shuka, vuka ukiikokota.

3. Upande gani?

Ngara ina jambo lake. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Pale Rusumo magari hubadilishana upande. Mtoto wa mpakani anaweza kuona mifumo yote miwili.

Halafu kuna mkanganyiko tuliouleta wenyewe. Tunamwambia mtoto anayetembea kwa miguu apite upande wa kulia ili magari yamjie usoni. Ni sahihi. Siku akipanda baiskeli anaendelea kulia vilevile. Hapo amekosea, na hesabu ni hii. Lori likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa na baiskeli 15, wakikutana uso kwa uso wanakaribiana kwa kilomita 95 kwa saa. Umbali wa mita 100 unakwisha kwa sekunde 3.8 hivi. Wakienda mwelekeo mmoja wanakaribiana kwa 65, na mita zilezile zinachukua sekunde 5.5. Sekunde mbili karibu nzima dereva amepata za kupunguza mwendo au kukukwepa.

Mwalimu aseme kwa kifupi: miguu kulia, magurudumu kushoto.

4. Mlima unadai breki

Ukishuka kimo cha mita 5 tu bila breki, na tukiacha upinzani wa hewa, utafika chini na mwendo wa kilomita 35 kwa saa. Uzito haubadilishi mwendo huo, ila unabadilisha kazi ya breki. Mtoto wa kilo 40 kwenye baiskeli ya kilo 20, ukimfungia dumu la lita 20 kwenye keria, umeongeza theluthi nzima ya nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza. Mvua ikinyesha ni balaa zaidi: rimu za chuma zikilowa, raba za breki hazishiki kama kawaida.

Kwa hiyo somo la kwanza la kila siku ni ukaguzi: upepo, breki, cheni, usukani. Somo la mteremko ni kufunga breki kabla ya kushuka, siyo katikati. Kama breki ni mbovu, baiskeli inakokotwa. Na helmeti ikipatikana ivaliwe, maana uchambuzi wa tafiti mbalimbali ulionyesha hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 63 hadi 88.

Kumpima mwalimu

Uingereza ina mpango uitwao Bikeability, ulioanza mwaka 2007. Una hatua tatu: uwanjani pasipo magari, kisha barabara zenye utulivu, mwisho barabara zenye shughuli. Mtoto havuki hatua mpaka ya kwanza ameiweza. Nyakisasa inaweza kuiga mpangilio huo: uwanja wa shule, njia ya kijiji, halafu kando ya lami kwa kutazama na kuhesabu tu.

Na mwalimu mwenyewe apimwe vipi? Usiangalie anavyoendesha. Mpe mtoto asiyejua, kaa pembeni utazame. Je, anaongea sana? Anaishika baiskeli kwenye kiti muda wote, hivyo mtoto hasikii mlalo? Anajua kumwambia mtoto "bado hujawa tayari kwa lami" hata mzazi akinung'unika? Jibu la swali la mwisho lina uzito kuliko mengine yote.

Mwisho, tusimbebeshe mtoto mzigo usio wake. Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likirekebisha maeneo ya shule kwa njia za miguu, matuta na alama, na kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya WRI mwaka 2019. Jicho la mtoto wa miaka tisa haliwezi kuharakishwa likomae. Lori linaweza kupunguzwa mwendo. Mwalimu mzuri wa baiskeli atawafundisha watoto asubuhi, na mchana atakwenda ofisi ya kata kuuliza tuta la pale shuleni linawekwa lini.