Kamani ya Gari Huchaguliwa kwa Mizani

Mwezi wa Juni mwaka jana mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu usiku wa manane, na gari la karibu lilikuwa moja tu, pikapu ya mpwa wangu. Akapandishwa mbele, mama mkwe wake akamshika mkono, na safari ikaanza kutoka mashambani kando ya Mto Tana kuifuata lami ya Garsen. Alijifungua salama, Alhamdulillahi, mtoto wa kiume. Lakini nilipokwenda kutoa hongera, yule mama mkwe alinitazama kwa muda kisha akasema, "Maalim, gari la mpwao lilimpiga mkaza mwanangu kuliko uchungu wenyewe."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa fedha za kulitengeneza gari lile nilizitoa mimi.

Miezi mitano kabla ya hapo kijana alinijia akilalamika. "Mjomba, nikipakia maembe gari lakaa chini, nyuma yagonga. Nataka kuliinua." Sikuuliza mengi. Fundi mmoja akamwongezea mabamba mawili ya springi ya lori kuukuu kila upande, na pikapu ikasimama kama jogoo aliyeona jogoo mwenziwe. Vijana wa kijiweni walisifu sana. Mimi pia, nakiri, nilisifu.

Wazee wetu springi waliiita kamani, na neno hilo lina asili moja na lile la Kiajemi lenye maana ya upinde. Mtu akitazama chini ya pikapu ataliona jambo lenyewe: mabamba ya chuma yaliyopindwa, yamelaliana, marefu juu na mafupi chini, kama pinde zilizofungwa pamoja. Upinde mgumu kupita kiasi mtoto hauvuti. Na kamani iliyofanyiwa lori haipindiki kwa uzito wa mama mjamzito na mkwewe. Gurudumu likikuta jiwe, springi haisongi; gari zima ndilo linalorushwa. Tena tairi inayorukaruka haishiki ardhi, na breki za tairi iliyo hewani ni breki za bure. Hilo ni baya zaidi katika zile barabara za changarawe zenye mawimbi madogo madogo, ambazo tunazo tele.

Mabaharia wayajua haya. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi ili litulie majini. Baada ya usiku ule mpwa wangu naye alianza kutia magunia ya mchanga nyuma ya gari tupu. Nilicheka hata machozi yakanitoka. Tumelipa fedha gari lipate nguvu, kisha twalipa dizeli ya kubebea mchanga ili nguvu ile isituumize!

Basi tukaanza upya, na safari hii nikauliza. Gari ni Toyota Hilux ya 2012, lenye springi za mviringo mbele na za mabamba nyuma. Muuzaji mmoja alitushauri tuliinue inchi nne. Kijana macho yakamng'aa. Lakini fundi mwingine, mzee asiyependa maneno mengi, alituingiza chini ya gari akatuonyesha vyuma viwili vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Ukiliinua gari mno, alisema, vyuma hivi hukaa mshazari, mipira inayovifunika hupasuka, mchanga ukaingia. Inchi mbili, yaani sentimita 5 hivi, zatosha. Kisha akaligonga difu la nyuma kwa spana. "Na hili, Maalim, springi haliinui. Limo katika ekseli, na ekseli imekalia magurudumu. Ukitaka difu lipande, nunua tairi kubwa zaidi." Wangapi wametumia maelfu ya shilingi pasi na kulijua hilo?

Shokomzoba alizisemea kwa urefu zaidi. Springi hubeba, shokomzoba hutuliza. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na ule mtikisiko hugeuka joto. Gari likikimbia saa nzima juu ya mawimbi ya changarawe, mafuta huchemka yakafanya povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana zile bora hutiwa gesi ya naitrojeni yenye shinikizo, povu lisitokee upesi. Springi mpya juu ya shokomzoba zilizochoka ni fedha iliyotupwa.

Halafu akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: gari labeba kilo ngapi? Watengenezaji wa kutajika, kama Old Man Emu wa Australia, hutoa springi kwa madaraja ya mzigo: wa gari jepesi, wa kadiri unaokaa humo daima, na mzito wa daima. Huwezi kuchagua kwa macho.

Kijana akasema maembe yake hayapiti kilo 600. Tukaenda kwenye mzani wa ghala moja na shehena yake kamili ya ngowe na boribo, kisha tukarudi na gari likiwa na mzigo wa siku za kawaida: pipa la maji, vyombo vya kazi na watu wawili. Siku za kawaida zilitoa kilo 210. Maembe yalitoa kilo 1,140.

Sisi watu wa mashairi mizani kwetu ni hesabu ya silabi, nane kwa nane, na ikizidi moja twamcheka mtungaji. Chuoni nilihifadhi Sura ya Mutaffifin, inayowataja wapunjao vipimo, wala sikudhani ingenifuata hadi kwenye springi za Hilux. Hapo ndipo tulipoona kwamba springi za kiwandani hazikuwa na kosa lolote. Gari lilikuwa likizidishiwa. Na springi ngumu haibadilishi ekseli, haibadilishi breki, wala chasisi. Huficha tu kwamba mzigo umezidi.

Kuna mifuko ya upepo ya kusaidia springi mzigo ukiwa mkubwa. Fundi hakuikataa, ila alionya kwamba huusukuma uzito wote mahali pamoja pa chasisi, na chasisi zimewahi kupindika kwa hivyo.

Tulinunua springi za mzigo wa daima wa kilo 300, shokomzoba nne mpya za gesi, na bushi zake. Gari limeinuka inchi mbili kasoro. Mchangani kijana hupunguza upepo wa tairi kutoka 35 hadi 20, akifika lami anajaza tena, na hilo limemfaa kuliko inchi zote nne alizozililia. Maembe sasa hupelekwa kwa safari mbili. Analalamika juu ya dizeli kila wiki, na hesabu yake si ya uongo. Msimu uliopita faida ilipungua, nami bado sijalipwa deni langu.

Yale mabamba manne ya lori aliyataka mhunzi, maana chuma cha springi ndicho kizuri kwa panga. Amefua sita. Moja nimempelekea yule mama mkwe, akalipokea bila kucheka.